Siku Kumi na Nne Kabla ya Karamu

Tarehe 31 Mei 2025, Muuguzi Leonila Sumagaysay anavua gauni jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na minane katika Kliniki yetu ya Wasafiri ya San Telmo, hapa Iloilo. Aliingia Juni 1987, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, na chumba cha chanjo alichopewa siku ile ndicho anachotukabidhi leo. Uongozi umeniomba mimi, mtu wa maabara, niandike wasifu wake, na umesisitiza niandike kwa adabu. Nitajaribu.

Kazi yake tunaijua sote. Mkoa wetu huzalisha mabaharia kama mingine inavyozalisha nazi, na hawaondoki bila kupita kwake. Sindano ya homa ya matumbo ni moja, mkono wa kushoto, na kinga yake huchukua wiki mbili kukomaa. Kwa wapishi wa melini haina mjadala: bila kadi yenye mhuri, wakala hampandishi mtu. Sista Leonila amewachoma watu wengi mpaka sokoni wanaume wakimwona hushika bega.

Wapo walioanguka. Mwaka 1994 alikuja serahangi mmoja, msimamizi wa mabaharia, jitu la mtu, kachorwa joka mgongo mzima, akazimia kabla hajaguswa. Alipofumbua macho, Sista alikuwa amemwinamia. "Inuka, baba. Hiyo uliyoiona ni pamba. Sindano bado iko kwenye friji."

Na mafuriko ya 2008 nayo tusiyasahau. Maji yalifika kiunoni, umeme ukakatika, sisi wengine tukakimbilia kuokoa pikipiki zetu. Yeye alijitwika sanduku la chanjo kichwani, akatembea mpaka kiwanda cha barafu, akakaa huko siku mbili akililinda. Hakikuharibika hata kichupa kimoja. Pikipiki yangu iliharibika.

Lakini angekuwa mtu wa kuchoma sindano tu, ningeandika nusu ukurasa nikaenda kula. Nataka kusimulia habari ya Junrey Palomar, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha fomu mnazojaza kila siku, na wengi wenu mlikuwa hamjaajiriwa.

Februari 2003 Junrey alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amepata meli yake ya kwanza, mpishi msaidizi. Alichanjwa siku kumi na sita kabla ya ndege. Hesabu ilikuwa sawa, kadi ikapigwa mhuri. Hajamaliza hata wiki mbili baharini, homa ikamwangusha, na baada yake mabaharia wawili. Nahodha akamshusha bandari iliyofuata, akarudishwa nyumbani, na wakala akamwandika kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa jikoni.

Habari ilifika mtaani kabla yake. Junrey hakujua kazi nyingine. Tangu utotoni alikuwa akipika na mama yake kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima. Sasa mama alipoitwa kupika, aliambiwa aje peke yake. Kijana akabaki mpishi ambaye hakuna mtu wa kula chakula chake.

Sista Leonila aliona ametukanwa yeye binafsi. Alikagua namba ya chanjo, akakagua friji, hakuona kasoro. Basi akaenda nyumbani kwao, nami nikamsindikiza. Mama Palomar alitukaribisha kwa uso wa msiba.

"Baada ya sindano alifanya nini?" Sista akauliza.

"Hakufanya kitu, Sista. Tulimuaga tu."

"Lini?"

"Alhamisi kachanjwa, Jumamosi tukamfanyia karamu, Jumapili kaenda Manila kwenye mafunzo ya wiki mbili. Huko ndiko alikopandia ndege."

"Mlikula nini?"

"Nguruwe, pansit ya tambi, na chaza. Utamuagaje mtu bila chaza?"

"Waliiva?"

"Waive tena? Siki na tangawizi, basi!"

Shangazi mtu, aliyekuwa akipeta mchele pembeni, akadakia: "Hata mimi nililala na homa mwezi ule. Na jirani pia. Tukasema ni uchovu wa karamu."

Sista aliketi chini, akahesabu siku kwa vidole. Miaka yote tulikuwa tukihesabu siku mpaka ndege, na watu wetu hawali chaza kwenye ndege. Tulimkinga kijana na maradhi ya ng'ambo, naye akayala nyumbani kwao, ndani ya chaza wabichi, siku ya tatu, kinga bado changa, akilishwa na watu wanaompenda.

Asubuhi yake aliingia kwa mganga mkuu. "Kosa ni letu," alisema. "Niandike mimi." Hakuandikwa, ila fomu iliandikwa upya. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye kadi ya San Telmo si unakwenda wapi bali karamu yako ya kuagwa ni lini, na siku kumi na nne zinahesabiwa mpaka hapo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, pameandikwa: chaza wapikwe. Mawakala walipiga kelele, wengine wakataka awarudishie tarehe nyuma kidogo tu. Hakukubali ng'o.

Fomu mpya haikumsaidia Junrey. Aliyepona homa hii anaweza kubaki na vijidudu tumboni, kwa hiyo kilichohitajika ni choo chake kionekane safi mara tatu mfululizo, mwezi kwa mwezi, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Alileta vikopo vyake ndani ya bati la biskuti ili watu wasimcheke njiani. Mlinzi wetu wa enzi hizo alilifungua siku moja bila kuomba. Hakuomba biskuti tena mpaka alipoacha kazi.

Cha Mei kilikuwa bado na vijidudu. Junrey alikaa kwenye benchi la ukumbini akalia waziwazi, mtu mzima. Mimi nikamwambia Sista ingekuwa heri kijana atafute kazi ya kuendesha bajaji.

"Ramil," akanijibu, "wewe umeombwa kupima. Kukata tamaa hukuombwa."

Akarudishiwa dawa, wiki nne. Julai safi. Agosti safi. Septemba safi. Nikatia sahihi cheti kwa mkono wangu.

Mngedhani yameisha. Thubutu! Oktoba ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wao, na Junrey alipika pansit sufuria nzima. Ikawekwa katikati ya meza ndefu, na watu wakachota kulia, wakachota kushoto, hakuna aliyeigusa. Yeye kasimama nyuma yake na upawa mkononi. Mimi nilikuwepo na sahani yangu. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilichukua samaki.

Sista Leonila alifika akitokea zamu, gauni la kazi bado mwilini. Alitazama meza, akaelewa. Akavuta kiti mpaka mbele ya sufuria ile, akapakua, akala. Akapakua tena.

"Chumvi imepungua!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Junrey, lete chumvi, mwanangu."

Bibi mmoja akamnong'oneza, "Sista, huogopi?"

"Namuogopa Ramil huyo, anayetia sahihi cheti halafu anakula samaki."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nilikula pansit siku ile, tena sahani mbili, na nyuma yangu foleni ikafuata. Januari wakala mwingine alimchukua Junrey, na Sista mwenyewe ndiye aliyemchoma sindano mpya wakati wake ulipofika, siku kumi na tisa kabla ya karamu ya kuagwa.

Amewafundisha wauguzi kumi na tisa, wanne kati yao wako ng'ambo na bado wanampigia simu kuuliza mambo wanayoyajua. Hakuwahi kuchelewa isipokuwa siku aliyojifungua binti yake, na hata hapo alituma mtu na ufunguo wa friji. Ametugombeza sana. Tutamkosa, na mimi nasema hivyo bila utani.

Sista Leonila, asante kwa kila ulichotufanyia na kila ulichotukataza. Nenda kapumzike, uwe na afya, na wajukuu wakuzunguke. Maneno yangu yanaishia hapa. Ujumbe wa mwisho umeingia jana usiku, na mtumaji aliomba usomwe kama ulivyo:

"Sista, ni Junrey. Mimi ndiye mpishi mkuu sasa. Maisha mema huko uendako. Leo mchana nimepika pansit, tumekula watu ishirini na watatu, na hakuna aliyeniuliza kitu."

Ramil Tupas, Maabara