"Naja Upesi" Juu ya Jiwe

Benchi la kijiwe kimoja cha kahawa limeegemea karakana ya Patasi, mchonga mawe ya makaburi, ndiyo maana kahawa ya pale haikosi vumbi jeupe. Asubuhi moja Patasi alichonga NAJA, akasita. Mjane wa mtaa wa nyuma alitaka jiwe la mumewe liandikwe "Naja upesi", ahadi ya Bwana katika kitabu cha Ufunuo. Lakini Jumapili mhubiri alisema Kigiriki cha hapo ni takhu, na huenda maana yake si "karibuni" bali "kwa kasi". Na jiwe halina kifutio.

— Mbona rahisi, alisema Muhuri, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi. — Hata kwetu faili lilikwenda upesi sana, likishaanza. Kuanza ndiko kulikuwa na utaratibu wake.

— Kwa hiyo mbinguni nako kuna masijala? aliuliza Patasi.

— Isingekuwapo, si angekuwa ameshafika?

Wembe, kinyozi, hakukubali kushindwa na mstaafu. Akadai takhu lilikuwa neno la mbio za farasi. Kikombe cha pili kilipomiminwa likawa amri ya jeshi. Akafunga hoja: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Muhuri.

— Inaingia upesi.

Patasi hakucheka. Alihofia mpita njia asome na kudhani marehemu ndiye anayeahidi kuja. Afadhali "ghafla", alisema. Muhuri akapendekeza "kwa wakati muafaka", maneno ambayo hayajawahi kumfunga mtu.

Wakiwa hapo, mjane akatokea kuliangalia jiwe lake. Wakamweleza Kigiriki chote, kwa kupokezana. Akawasikiliza mpaka mwisho.

— Marehemu aliipenda aya hiyo mpaka akawa ananiaga nayo, alisema. — Kila akienda lindoni: mke wangu, naja upesi. Hata siku ile ya mwisho. Sasa, shemeji zangu, hicho Kigiriki kinasema nimngoje, au nisimngoje?

Wembe akachungulia kikombe chake. Yalibaki machicha tu. Muhuri, aliyewajibu watu miaka yote kwamba waje kesho, safari hii akapangusa vumbi jeupe kwenye benchi.

Patasi akainuka, akampisha mama wa watu akae. Kisha akashika nyundo, akaanza na U, polepole.