Mshono wa Gunia

Juu ya lori la mpunga kutoka Usevya, mwaka tisini na nne, Marsela alimwambia jirani yake kwamba anakwenda Mpanda kusubiri kujifungua kwa kupasuliwa. Mwaka juzi walimtoa uvimbe kwenye kizazi, na daktari kamwonya asije akasukuma nyumbani, kovu linaweza kuachia.

Jirani huyo, Mzee Makarius, aliyekalia gunia lake, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Liachie nini, mwanangu, na lishapona? Mke wangu kazaa tisa jikoni!"

"Yeye alipasuliwa kizazi, baba?"

"Nyie wa siku hizi mnaogopa uchungu tu. Mshono ni mshono! Hili gunia nimelishona mwenyewe kwa katani, litafika Mpanda na kurudi."

Marsela akageuka kutazama barabara. Mwanamume aliyezaa tisa kwa tumbo la mwenzake habishiwi.

Walipofika stendi, dereva alifunga breki ghafla. Mshono wa gunia ukaachia, mpunga ukamwagika mpaka miguuni kwa Marsela. Makarius akabaki ameshika kofia.

"Pole, baba," Marsela alisema, akishuka taratibu huku ameshika tumbo. "Bahati yako, mpunga unazoleka."