Nani Kamchoma Kaylin?

Benchi liko mbele ya duka langu la chakula cha mifugo, hapa Corliss Fork, West Virginia, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili wanalikalia walewale. Kuna Breki, aliyeendesha lori la makaa ya mawe miaka thelathini na mbili, na mpaka leo anaongea kana kwamba injini bado inanguruma. Kuna Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi. Ukanali tulimpa sisi hapahapa benchini. Kuna Verna, tunayemwita Bandeji, nesi wa shule aliyestaafu. Na kuna Hobart Cogar, fundi wa mashine za kufulia, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Mimi ndiye Magunia. Kazi yangu ni kuleta birika la kahawa na kusikiliza. Jumanne moja ya Aprili Hobart alikuwa kakaa pembeni na mkate wake uliojazwa soseji ya peperoni mkononi, hajauuma hata mara moja, pale Breki alipotokea mbio mbio kwa miguu, anahema, gari kaliacha barabarani mlango ukiwa wazi.

Breki: Wamemkata! Jamani, wamemkata!

Kanali: Nani tena? Kaa kwanza, usije ukatufia hapa.

Breki: Kaylin! Kaylin wa Hobart! Jeshi limemkata. Ule ufadhili wa chuo hana tena!

Nilikuwa nammiminia Verna kahawa. Nikaimimina kwenye kiatu changu, na sikusikia hata moto wake.

Mgeni wa hapa hawezi kujua lilikuwa pigo gani. Kaylin Cogar, mjukuu wa Hobart, ana miaka kumi na minane. Mwaka jana wote tulimwona akipiga pushapu nyuma ya kanisa, mvua inyeshe isinyeshe, na kukimbia barabara ya mtoni huku mwalimu wake wa michezo akimpimia muda. Alifanya mitihani, akaenda kuhojiwa na ofisa mwenye nyota begani, na mwezi wa Oktoba jina lake likatoka: miaka minne ya chuo kikuu, kila kitu kimelipiwa, asome huku anafunzwa uofisa, na siku ya kuhitimu avishwe cheo cha luteni usu. Mchungaji alipotangaza, kanisa zima lilisimama. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya tu.

Verna: Umesikia wapi wewe?

Breki: Kwa mjukuu wangu Josie. Si ndiye anayekimbia naye? Jana usiku wakati wa chakula kapasuka, kasema yote. Bodi ya madaktari wa jeshi imemwandikia hafai. Pumu!

Kanali: Pumu? Yule mtoto anakimbia maili moja kabla mimi sijafunga kamba za viatu!

Breki: Ndiyo hivyo. Tena si leo. Tangu Januari! Miezi mitatu mtoto anatuchekea hapa, kumbe kabeba jiwe tumboni.

Hobart alikuwa anautazama mkate wake. Tukadhani ni uchungu, na kwa adabu kila mtu akaangalia pembeni.

Verna: Kama ni kile kikohozi cha alipokuwa na miaka kumi na minne, basi hapo ndipo pabaya. Walimpa dawa ya kuvuta majira yale ya baridi, miezi mitatu tu. Lakini jeshi lina mstari wake: ukiugua pumu kabla ya kutimiza kumi na tatu, hawana shida na wewe. Ukiugua baada ya hapo, wanakusimamisha mpaka uwaonyeshe umepona.

Kanali: Sasa wao wamejuaje? Kikohozi cha Corliss Fork kimefikaje kwa mabwana wakubwa?

Breki: Hapo sasa! Hapo ndipo utakapochoka. Josie anasema bodi ilipata barua. Kuna mtu kaandika. Mtu wa hapa!

Gari la maziwa likapita, dereva akatupungia, hakuna aliyempungia.

Kanali: Acha fiksi, Breki.

Breki: Nakuapia! Kuna mtu kakaa chini, kachukua kalamu, kamchoma binti wa watu.

Kanali: Basi huyo si mtu wa hapa. Sikilizeni niwaambie. Nilipokuwa jeshini...

Breki: Jikoni.

Kanali: Jikoni ni jeshini! Nilikuwa namenya viazi hatua tano kutoka kwa jenerali, na nilisikia kwa masikio haya. Maadui wa nchi hii hawaanzi na mizinga. Wanaanza na vijana wazuri. Wanaangalia nani atakuja kuwa ofisa hodari, wanamwondoa mapema, kimyakimya, kwa karatasi.

Verna: Kwa hiyo maadui wameacha miji yote, wakaja kuanzia Corliss Fork?

Kanali: Huku hakuna anayewategemea! Ndiyo ujanja wenyewe.

Breki: Mimi nasema ni simu. Simu hizi zinasikia. Ukikohoa, simu inaandika. Kuna mtambo mahali fulani una vikohozi vyetu vyote vimepangwa kwa majina. Mtambo ndio ulioandika barua.

Kanali: Mtambo unaandika barua, unabandika na stempu?

Breki: Siku hizi unaweza chochote! Bado haujaweza kuogopa tu.

Siku nyingine tungecheka mpaka mbwa wa jirani abweke. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Breki naye, nadhani aliona maneno yake mwenyewe yanamkimbia, akatafuta kitu cha kushika. Akamshika Verna.

Breki: Halafu kuna jambo jingine. Kadi za afya za watoto wote wa shule, nani alikuwa na ufunguo wa kabati?

Verna: Unasemaje?

Breki: Nauliza tu.

Verna: Hapana, hukuuliza. Umesema. Maliza.

Breki: Nani mwingine anajua tarehe ya kikohozi, Bandeji? Umeitaja mwenyewe sasa hivi, mpaka na miezi!

Verna aliweka kikombe chini. Mikono yake, ile iliyofunga magoti ya nusu ya mji huu, akaikunja mapajani.

Verna: Yule mtoto nilimbeba mimi siku walipomzika baba yake. Alikuwa na miaka minne, ana soksi mguu mmoja. Nilimbeba ibada nzima kwa sababu mama yake hakuweza kusimama. Na wewe unaniambia mimi...

Kanali akainua mkono amshike bega, akaurudisha.

Hapo Hobart akazungumza.

Hobart: Mwacheni Verna. Barua niliandika mimi.

Nimeishi miaka sitini na saba. Nimeona mgodi ukiporomoka na mto ukiingia kanisani. Jambo kama lile sikuwahi kulisikia.

Breki: Mzee Hobart, hata kama ni kumtetea Verna, usijisingizie jambo kama hilo.

Hobart: Niliandika kwa mkono, meza ya jikoni. Nikataja kliniki, daktari na dawa. Nikaweka jina langu chini. Sikujificha.

Kanali: Mjukuu wako mwenyewe?

Hobart: Ndiyo.

Kanali: Hobart, mtoto ameota jambo hili tangu ana meno ya utoto!

Hobart: Najua ameota nini. Nyinyi hamjui mimi naota nini. Siku ile nilikuwa kibarazani, nimefungua mashine ya mama Hensley, mkanda umekatika. Gari jeupe likaja polepole, likasimama. Wakashuka wanajeshi wawili waliovaa sare nadhifu. Hawakuwa wamefika hata kwenye ngazi, nami nilishajua mwanangu Dwight hatarudi kutoka vitani. Wakasema maneno yao. Walikuwa na heshima sana. Walipoondoka nikamaliza kufunga ule mkanda. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Mwanangu amekufa, mimi nafunga mkanda.

Akauhamisha mkate mkono wa pili.

Hobart: Basi Oktoba, kanisa liliposimama kupiga makofi, mimi niliona gari jeupe. Nanyi wote mnapiga makofi.

Breki: Lakini mzee, huyu anakwenda shule. Miaka minne darasani...

Hobart: Halafu?

Verna alikuwa analia, na sikuweza kujua analia kwa kusingiziwa, au kwa Hobart, au kwa vyote. Nilitaka kumkasirikia yule mzee. Nilijaribu kweli. Lakini mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na sikuwa nimegeuza shingo hata mara moja kumtazama yeye.

Hatukumsikia Kaylin akija. Alitokea upande wa mtoni, fulana imelowa jasho, nywele kazifunga juu, simu mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hobart alipomwona, mkate ulimponyoka ukaanguka.

Kaylin: Za asubuhi, wazee. Mzee Breki, gari lako limeziba njia ya basi la shule.

Breki: Mwanangu, sisi tulikuwa tu...

Kaylin: Najua mlikuwa mnaongea nini. Josie ameniomba radhi usiku kucha kwa ujumbe. Si siri tena, basi niwamalizie. Wamenipa kibali, ufadhili wangu uko palepale. Kimeingia nusu saa iliyopita. Mwezi wa pili nilikwenda kupuliza kwenye mashine zao, wakanivutisha dawa ya kubana kifua, kifua hakikubana. Mwezi wa nane naondoka.

Siku nyingine Kanali angerusha kofia. Aliinuka nusu, akatuangalia, akakaa tena.

Verna: Hongera, mwanangu.

Kaylin: Asante, Bibi Verna. Na wewe usilie, hakuna aliyenichoma. Kile kikohozi nilikiandika mwenyewe kwenye fomu, Novemba. Swali lilikuwa pale, nikalijibu. Madaktari walikuwa nacho tayari.

Akamgeukia Hobart. Sauti haikupanda. Ningependa ingepanda, ingekuwa rahisi zaidi kuisikiliza.

Kaylin: Barua yako ilifika Desemba, babu. Walinitumia nakala nitoe maelezo. Haikubadilisha kitu chochote. Naujua mwandiko wako, ule ule unaoniandikia kwenye kadi za siku ya kuzaliwa.

Hobart: Ulijua tangu Desemba?

Kaylin: Nilikuja kwako Krismasi nikala nyama uliyonikatia. Nilikuja kila Jumapili. Nilikuwa nangoja uniambie.

Hobart: Kaylin...

Kaylin: Sikuja kugombana. Nataka kujua jambo moja tu. Nyumba yako na yetu zinatazamana, babu. Ni hatua ishirini. Umeandikia watu usiowajua, ukanunua stempu, ukaenda mpaka posta. Kwa nini hukuvuka barabara ukaniambia, usiende?

Kanali akatazama viatu vyake. Breki alimtazama Verna kana kwamba nesi ana dawa ya swali hilo, na Verna akatikisa kichwa. Mimi nilimtazama Hobart. Aliinama akauokota mkate wake, akaupangusa vumbi.

Verna akasogea, akaacha nafasi kati yake na mzee. Kaylin akakaa pale, viwiko juu ya magoti, akamngoja.