Feni Sita Kabatini

Kwenye basi la barabara ya Gratiot, hapa Detroit, kijana alikuwa amepakata kasha la kompyuta la kioo kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. "Feni ngapi humo?" akauliza mama mmoja aliyebeba joho la kwaya.

"Sita, mama! Zinawaka rangi saba. Naitwa Cortez, prodyuza."

"Kwani muziki wako unasikilizwa kwa macho? Mimi Earlene narekodi kwaya nzima kwa kompyuta isiyo na taa hata moja. Maikrofoni unaiweka wapi?"

"Kabatini, katikati ya makoti, mwangwi usiingie."

"Na kompyuta?"

Cortez akakuna kisogo. "Humohumo."

Bi Earlene akacheka mpaka joho likaanguka. Mimi, abiria wa siti ya jirani niliyejidai kusoma gazeti, nikaliokota huku machozi ya kicheko yananitoka. "Mwanangu, utamrekodi mtu ndani ya kimbunga!"

"Kimbunga nacho kina noti yake! Sikia hiyo feni ya kupasha joto basi inavyovuma." Akaanza kugonga mdundo juu ya kioo.

"Upuuzi mtupu," akasema Bi Earlene. Lakini mwanakwaya ni mwanakwaya. Akainamisha kichwa, akatafuta sauti ya pili juu ya ule mvumo, akaipata. Siti za nyuma zikapiga makofi. Mguu wangu, usio na adabu, ukafuata.

Tukafika mwisho wa njia. Dereva akazima injini, na feni ikanyamaza.

"Wewe dereva!" akafoka Bi Earlene. "Washa hiyo feni! Hatujafika kwenye kiitikio!"