Mzinga Mtupu: Maisha ya Marehemu Silasi Limbu na Wimbo Alioutunga

Padre, wazee wa kijiji, jirani na jamaa mliofika kutoka Tabora mjini na vijiji vya Ipole, ahsanteni kwa kuacha palizi zenu na kuja kwenye matope haya. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Anton Limbu, baada ya kukaa na mjane na watoto. Wako waliotushauri kwamba mambo mengine yasisemwe mbele ya kaburi. Mjane, Mama Koleta, amesema yasemwe.

Marehemu Silasi Limbu alizaliwa tarehe 12 Machi 1929 katika kitongoji cha Isenga, upande wa Ipole, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Limbu Mahona na mama Kalunde. Mzee Limbu alikuwa mrina asali na mpiga zeze. Baba wa mzee Limbu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, na alirudi na nyimbo za njiani ambazo watoto wa Isenga walizikuta zikiimbwa mashambani, kila mmoja akizigeuza apendavyo. Mzee Limbu alikuwa na msemo wake: "Wimbo wa safari hauna mwenyewe. Aliyejitwika, ni wake mpaka kambini." Silasi alikua akiamini hivyo.

Mwaka 1939 aliingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la sita. Hapo ndipo alipojulikana kwa sauti, na kwa ukaidi. Padre mmoja Mzungu alifundisha wimbo wa Pasaka, na Silasi akaona mwisho wake umelegea, akauimba kwa namna yake. Akapewa adhabu ya kupalilia vitunguu vya mapadre. Pasaka ilipofika, kwaya nzima ilimaliza wimbo kwa namna ya Silasi, na Padre mwenyewe akiwa miongoni mwao, hana habari. Kaka alipenda kutusimulia kisa hicho. Alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kuanzia 1946 alifanya kazi ya useremala kwenye seminari ya Kipalapala. Mabenchi aliyoyachonga yangali yanakaliwa. Mwaka 1958 alirudi Isenga kulima tumbaku na kutundika mizinga kama baba yake. Kila alipopeleka asali na nta mjini alifikia mtaa wa Cheyo, kwa rafiki yake Mussa, fundi cherehani. Marafiki hao, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walikula sahani moja, na jioni Silasi alipiga zeze barazani watu wa mtaa wakijaa.

Tarehe 24 Septemba 1955 alifunga ndoa na Koleta, binti wa jirani na seminari hiyo. Mungu aliwajalia watoto wanne: Benedikta, Mahona, Katarina na Limbu.

Benedikta alikuwa wa kwanza. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mwenye tabia ya kupanda mabega ya baba yake na kumpigia ngoma kichwani. Tarehe 19 Agosti 1963 alifariki kwa surua, akiwa na umri wa miaka sita, akazikwa nyuma ya nyumba pale Isenga. Silasi hakulia. Siku ya kuanua matanga alichukua zeze, akaketi mlangoni, akaimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

*Mzinga mtupu, mti ungali wima.*
*Nta ina joto, walioiacha wako wapi?*

Wanaume walioinama na vijiti wakichora ardhini waliacha kuchora. Koleta aliinuka, akaenda kisimani bila mtungi.

Wimbo huo ulimpa Silasi jina. Kuanzia hapo kila palipokuwa na msiba, Ipole, Sikonge mpaka mjini, walimtafuta aje aimbe "Mzinga Mtupu". Watu walisema mtu asiyelia kwa wimbo ule moyo wake ni gogo. Alikwenda kila alikoitwa. Koleta hakufuatana naye hata mara moja, na Silasi hakumwuliza kwa nini.

Mwaka 1974 marehemu na mdogo wake walikuwa kwenye ghala la ushirika kupima tumbaku. Karani alikuwa na redio. Ikapigwa ngoma, magita mawili yakaingia, kisha sauti ya mwanamke. Silasi aliacha kufunga mtumba. Ulikuwa wimbo wake, mwendo wake umeharakishwa mpaka wapagazi wa tumbaku wakaanza kutikisa mabega.

*Mzinga umejaa, nyuki tumerudi.*
*Nta ina joto, sote tuko nyumbani.*

Mtangazaji akasema ni kikundi cha vijana wa Cheyo, mwimbaji Zamda Mussa, na wimbo unahimiza wananchi kuhamia vijiji vya ujamaa. Zamda alikuwa binti wa Mussa fundi cherehani. Alikuwa amelelewa na wimbo ule barazani kwa baba yake.

"Kaka, wamekuibia," Anton alimwambia.

Silasi aliacha tumbaku yake juu ya mizani akaondoka, na siku ya pili alikuwa Cheyo. Mussa alimpokea kwa mikono miwili.

"Mtoto hakuiba, ndugu yangu," Mussa alisema. "Ameupenda. Ungemsikia alivyokuwa akiuimba hapa akifua nguo."

"Amemtoa Benedikta ndani yake."

"Ameweka watu wengine. Watu wote hawa, Silasi. Hilo nalo ni baya?"

Urafiki wa miaka mingi uliishia hapo barazani, na chai haijanywewa.

Alikwenda ofisini kwa mkubwa mmoja wa wilaya. Jina lake tumelihifadhi. Anton alikuwapo, na maneno haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Ndugu Silasi," mkubwa alisema, "tunajenga taifa. Mashamba tunalima pamoja, ng'ombe tunafuga pamoja. Wewe wimbo unataka uwe wako peke yako?"

"Shamba chukueni. Yule ni mwanangu."

"Basi mwanao amefufuka. Nenda nyumbani ukafurahi."

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule malori yalifika Isenga. Mgambo walisema tupande na tulivyoweza kubeba. Mizinga ilibaki juu ya miti, na kaburi la Benedikta likabaki nyuma ya nyumba iliyokwisha kung'olewa mlango. Lori lilipoanza kuondoka, vijana wa kijiji kipya waliokuja kutupokea walianza kuimba "Mzinga Umejaa". Wengine kati yetu walikuwa wakilia na wengine wakawaitikia ili wasilie. Silasi alikuwa amesimama nyuma, ameshika ubao. Ndipo alipomwona mkewe Koleta, aliyekaa juu ya magunia, anapiga makofi. Kisha akaimba. Kisha, mbele ya macho yetu sote, akacheka. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu mwaka wa surua.

Jioni, kwenye kibanda cha nyasi kisicho na ukuta wa upande mmoja, mumewe alimwambia, "Umeimba."

"Nimeimba."

"Unajua ule ni wimbo wa nani?"

"Nisijue vipi? Mimi ndiye niliyemzaa." Koleta alikuwa akipuliza moto, na hakuacha kuupuliza. "Wako ni mzuri, Baba Benedikta. Lakini kila ukiuimba unamzika upya. Umemzika Sikonge, umemzika Ipole, umemzika mjini, na watu wanakushukuru. Yule binti ameniambia mwanangu amerudi nyumbani. Najua ni uongo. Nimeupenda. Kwangu mimi wake umeupita wako."

Mama Koleta ameagiza maneno hayo yasomwe kama alivyoyasema, na ameongeza kwamba hayajutii, ila anajuta kwamba alikaa miaka kumi na moja kabla ya kuyasema. Baada ya siku ile mume na mke walilima pamoja, walikwenda kanisani pamoja, walisomesha watoto. Maneno yaliyopita kati yao yalikuwa ya chumvi, jembe na kuni.

Tarehe 7 Julai 1975, Saba Saba, kijiji kilifanya sherehe uwanjani, na kikundi cha Cheyo kilialikwa. Marehemu hakuwa kwenye ratiba. Alipanda jukwaani na zeze lake, akaanza "Mzinga Mtupu" kwa mwendo wake wa zamani. Ubeti wa kwanza watu walinyamaza. Ubeti wa pili mtu mmoja akaanza kupiga makofi ya haraka, kwa nia njema tu, akidhani anamsaidia. Ngoma ikaingia. Uwanja mzima ukapokea kwa sauti moja, "Mzinga umejaa, nyuki tumerudi!" Sauti ya Silasi ikafunikwa kama mchanga unavyofunika unyayo. Mama mmoja karibu na jukwaa alipaza sauti kwa huruma, "Jamani mfundisheni mzee, anaukosea!"

Aliacha katikati ya ubeti wa tatu. Zamda alimfuata nyuma ya ofisi ya kijiji, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

Silasi hakuitikia. Hapa kwetu mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa.

"Nifundishe ule wa kwanza," Zamda alisema. "Niuimbe kama ulivyo, redioni, na jina lako litajwe."

"Umekwisha kuuimba, mwanangu. Umebaki upi?"

Hakuimba tena, wala msibani, wala kanisani. Mwaka uliofuata Katarina alitafuta mbegu za maharage, akazikuta zimehifadhiwa ndani ya kibuyu cha zeze. Nyuzi zilikuwa zimekatwa. Watu waliendelea kumfuata akawaimbie kwenye misiba kwa muda, halafu wakaacha, kwa sababu redio ilitosha.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 1980. Alitibiwa kijijini, na mwezi uliopita akalazwa katika hospitali ya misheni. Siku moja muuguzi alikuwa akitandika kitanda cha jirani huku akiimba "Mzinga Umejaa" kwa sauti ya chini. Anton alitaka kumnyamazisha. Kaka yake akamzuia kwa mkono.

"Sikiliza ubeti wa tatu," alisema. "Mimi pale niliteremka. Yule binti anapanda. Palitaka kupandwa tangu mwanzo. Nilijaribu siku ile ya matanga, sauti ikakataa."

"Kwa hiyo ameuimba vizuri, kaka?"

"Kuliko mimi. Angaliuimba vibaya ningalimsamehe."

Anton akamwuliza kama Zamda aitwe. Alisema, "La."

Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 3 Februari 1982, saa nne asubuhi, Koleta akiwa amemshika miguu. Alikuwa ameomba azikwe Isenga, karibu na Benedikta. Vijana walikwenda kuitazama njia. Mvua imeivunja, na pori limekwisha kumeza pale palipokuwa na nyumba, kaburi hawakuliona. Ndiyo maana tupo hapa.

Kwaya ya kigango, kwa kutaka kumheshimu, ilikuwa imejiandaa kuimba wimbo wake leo. Familia iliomba uimbwe ule wa kwanza. Walijibu kwamba hawaujui, na wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba ulikuwapo mwingine. Tukaulizana wenyewe. Anton anakumbuka ubeti wa kwanza na nusu ya ule wa pili. Watoto walikuwa wadogo. Mama Koleta amesema yeye alikuwa akiziba masikio. Kwa hiyo wimbo huo hautaimbwa. Binti Zamda amefika tangu asubuhi, amekaa pale kati ya akina mama. Familia imemwambia amekaribishwa kulia nasi, lakini asiimbe, naye amekubali.

Marehemu ameacha mjane, Koleta, watoto watatu, Mahona, Katarina na Limbu, wajukuu watano, na mdogo wake Anton. Mzee Mussa wa Cheyo ametuma sanda, nasi tumeipokea.

Mungu ampe Silasi amani aliyoikosa kwetu.