Mlango wa Mnara

Ndani ya tramu, treni ya mitaani ya jiji la Leipzig, Bi Roswitha alifuma soksi huku masikio yote yakiwa kiti cha nyuma. Huko Detlef, mzee mwenye mvi, alikuwa anachungulia mchezo kwenye simu ya Svenja, msichana asiyemjua.

“Toleo hili jipya lina mshale wa kukuonyesha njia, kama chekechea,” alisema. “Lile la kwanza lilitaka akili. Mle ndani, mlango wa mnara ulinitoa jasho majira yote ya baridi.”

“Pole, mzee wangu. Mwishowe uliufunguaje?”

Detlef alikohoa. Sindano za Bi Roswitha zikasimama.

“Jarida la michezo ya kompyuta lilichapisha majibu.”

“Kumbe na nyinyi mlikuwa na mshale,” Svenja alisema bila kuinua macho, “ila wenu mliununua kioskini.”

“Angalau tulijua kusoma,” alijibu Detlef, akashuka kabla tramu haijatulia.