Mbonyeo wa Mlango wa Kushoto

Jambo la mwisho la kawaida ni kwamba mke wangu aliniomba niligeuze gari litazame lango, maana asubuhi hakupenda kutoka kinyumenyume. Nikaligeuza. Asubuhi iliyofuata niliendesha mimi, yeye kalala kiti cha nyuma, na hospitali nilitoka peke yangu. Baada ya msiba nililiuza. Sasa nalitengeneza upya, la kukaa kiganjani: mifupa ya kadibodi, nyama ya unga wa mbao na gundi, ngozi ya puti ya kuzibia mikwaruzo ya magari. Hii ndiyo bodi mama; ikikamilika unaizungushia plasta upate kalibu, na humo unamwaga nakala. Jana jioni niliipeleka kijiweni, mbele ya gereji, ambako Nyundo, mnyoosha bodi, na Redio, mlinzi mstaafu, hunywa kahawa na kubishana. Nikawaeleza kilichonikwamisha. Mlango wa kushoto wa gari letu ulikuwa na mbonyeo, tangu mke wangu alipogusa nguzo ya lango. Niutie, au niuache laini?

— Laini, Msomi, alisema Nyundo. Bodi mama ikiwa na kovu, watoto wote wanazaliwa nalo. Utamwaga mia, mia zitakuwa na kovu.

— Utie, alisema Redio. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Methali hiyo na mlango wapi na wapi? aliuliza Nyundo.

— Mlango si unatembea na gari?

Nyundo akanywa kahawa kwanza.

— Shemeji kila akipita hapa nilimwambia, leta nikunyooshee, bure kabisa. Anacheka. Ananiambia, niachie, ukinyoosha nitalijuaje gari langu sokoni?

— Hukuwahi kuniambia, nikasema.

— Hukuwahi kuuliza, kaka.

Nilimwomba arudie maneno yale. Akarudia, polepole, bila kuongeza chumvi.

— Tatizo ni puti, alisema Redio. Ngumu, haina huruma. Ungechonga sabuni ya mche.

— Sabuni ikikauka inajikunja, alisema Nyundo. Paa linabonyea lenyewe.

— Basi mkate uliotafunwa. Unakandwa, unaanikwa, unakuwa jiwe. Nimeuona gerezani.

— Ulikuwa mlinzi au mfungwa?

— Mwenda pole hajikwai, alijibu Redio, akaendelea. Halafu gari lenye mbonyeo hukimbia zaidi. Upepo unapata pa kupumzikia.

— Kumbe miaka yote hii nawaharibia watu mwendo.

— Ndiyo maana hawarudi.

Pembeni alikaa dada mmoja mwenye kiatu mguu mmoja. Cha pili kilikuwa kwa fundi wa jirani, kinashonwa. Aliomba alione gari. Akaligeuza, akapitisha kidole mlangoni.

— Samahani, kaka. Kwani wewe unataka nakala ngapi?

Nyundo alitazama ndani ya kikombe. Redio alipangusa benchi kwa kiganja.

Dada akanirudishia gari kwa mikono miwili.

Leo asubuhi nimempa jirani mfuko wote wa plasta, azibie ukuta wake. Kisha nimepaka puti mbichi mlango wa kushoto, nikachukua kijiko, nikaubonyeza kwa mgongo wake, taratibu, mara moja.